Kilo Moja na Nusu ya Hofu

Apollinarie alikuwa mwoga, na hakuna aliyemsingizia. Aliogopa radi, aliogopa ngazi, aliogopa bodaboda, aliogopa barua yoyote yenye mhuri. Ukimpelekea kitambaa cha bei akushonee, anakipima, anakikunja, anakikunjua, anakipima tena, ndipo anashika mkasi huku midomo ikimcheza kama anasali. Watu wa Mpanda walimcheka, lakini nguo walimpelekea, maana fundi anayeogopa mkasi haharibu kitambaa cha mtu.

Cherehani yake ilikaa barazani kwa Athuman, muuza vitambaa wa karibu na soko, mwaka wa tisa huo. Mteja akishanunua kitambaa anageuka tu, fundi huyu hapa. Kwao Apollinarie ni Katumba, makazi ya wakimbizi, alikozaliwa na wazazi waliokimbia Burundi. Uraia aliupata pamoja na wenzake, na cheti chake akakitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko kwenye kopo, kopo kwenye sanduku. Mumewe Libérat alikuwa ameshafariki. Mwanaye Fabrice alikuwa Kigoma anaendesha lori, anapiga simu kila Jumapili. Siku nyingine zote, akirudi nyumbani, mwenzake alikuwa redio.

Sasa jamani, mtu wa namna hiyo ndiye aliyekwenda kujitwisha mbwa! Tena si mbwa wa kumlinda. Mteja wake mmoja, Immaculata, mfanyakazi wa shirika, alihamishiwa Songea ghafla, na basi likakataa kupakia mbwa. Akaja barazani na kikapu. "Nishikie wiki mbili tu, Mama Fabrice, nitatafuta usafiri." Ndani ya kikapu kulikuwa na kitu chenye macho makubwa na masikio ya popo, kinatetemeka. Apollinarie alikitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakutana na kiumbe mwoga kuliko yeye. Wiki mbili zikawa miezi. Immaculata akatuma ujumbe kwamba huyo sasa ni wako, dada yangu, Mungu akubariki.

Mtaa mzima ulisubiri mbwa akue. "Fundi, huyu anakua lini?" Anajibu, "Ameshakua." Wanaangua kicheko. Severini, muuza mchele wa upande wa pili wa barabara, alimweka kwenye mzani wake mbele za watu. Kilo moja na nusu! "Jogoo wangu anamzidi," alisema Severini, "na jogoo angalau anawika." Wengine hawakucheka. Walinong'ona kwamba mbwa asiyekua ana jambo lake, na fundi huyo mjane naye ana lake. Sasa kule Katumba mtu hampi mbwa jina bure, jina la mbwa ni salamu kwa majirani. Kwa hiyo Apollinarie alimwita Mtazoea, akawa analitaja jina hilo kwa sauti kila asubuhi akipita: "Mtazoea, twende! Mtazoea, haya!" Waliokusudiwa walielewa.

Athuman ni mtu wa dini na mtu wa haki, na alisema lake mapema. "Mama Fabrice, mimi na wewe hatujagombana hata siku moja. Mbwa kwetu mate yake ni najisi, unajua. Akae huko kwenye cherehani yako, asivuke kizingiti cha duka, na Sabrina asimguse." Sabrina ni bintiye, darasa la kwanza, mdomo kama kinanda. Apollinarie aliitikia, na alimaanisha.

Furaha aliyoipata kwa yule mbwa, acha tu. Alikuwa na kikapu cha vipande vya vitambaa chini ya meza, humo ndimo Mtazoea alimolala, na mguu wa fundi ukikanyaga pedali, kichwa cha mbwa kinafuata, juu, chini, juu, chini, mpaka usingizi unamchukua. Mteja akikaribia anabweka mara moja tu, kijisauti cha kufungua chupa. Jioni Apollinarie akifungua mlango wa chumba chake, mtu fulani anafurahi. Aliwahi kumwambia Fabrice kwenye simu, "Mwanangu, nilikuwa nimesahau mtu kufurahi nimerudi." Fabrice akauliza kama mvua imenyesha.

Ila hofu, ee Mungu wangu! Mbwa mkubwa ukimwacha nje hujali. Huyu, mwewe akipita juu ya soko, Apollinarie anaacha mshono katikati na kumfunika na upande wa gauni la mteja. Mtazoea aliruka siku moja kutoka kwenye kigoda, kigoda tu, akavunjika mguu. Aliingia ndani ya buti la mvua akakosa pa kutokea, akatafutwa saa nzima mtaa unacheka. Kila mguu wa binadamu ulikuwa hatari. Kila bajaji. Kila paka mwenye hasira. Mwanamke aliyekuwa anaogopea nafsi yake tu sasa aliogopea nafsi mbili, na ya pili ingeweza kuzimwa na mlango uliofungwa kwa nguvu.

Likaja gari la matangazo. Chanjo ya kichaa cha mbwa, bure, uwanja wa shule, kila mwenye mbwa amlete. Apollinarie alitangulia peke yake kwenda kuchungulia. Akakuta foleni ya majibwa yamefungwa kamba, na afisa mifugo, Makarius, kijana mpole, anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Jibwa la Severini, linalolinda ghala la mchele, lilichomwa, likatikisa kichwa, likaondoka. Apollinarie akasogea.

"Mwanangu, na kambwa kadogo sana? Ka kilo moja na nusu? Kenyewe unakapunguzia?"

"Hapana mama. Dozi ni hiyohiyo."

"Hiyohiyo ya hili jibwa?"

"Hiyohiyo. Mlete tu, mama."

Alirudi na moyo mzito. Miaka thelathini ya ufundi, hajawahi kukata gauni la mtoto kwa kipimo cha mama yake! Kijana mpole, sawa, lakini dawa ya kumtosha jibwa la ghala si itamlipua Mtazoea? Alifikiri kwa akili yake yote, na akili yake yote ilikuwa futi ya kupimia. Makarius alipopita mtaani mchana akiuliza waliobaki, Apollinarie alimfunika Mtazoea kwa vipande vya vitenge, akaweka mguu kwenye pedali, akashona. "Mbwa wa fundi yuko wapi?" "Kapelekwa Kigoma kwa mwanangu." Mwoga akidanganya hadanganyi vizuri, lakini kijana alikuwa na haraka.

Mvua za kwanza ziliponyesha, asubuhi moja wakiwa njiani kwenda kazini, mbwa koko alitokea upande wa stesheni. Hakubweka. Alikuja moja kwa moja, mdomo wazi, akamnyanyua Mtazoea kwa mgongo. Apollinarie, yule anayeogopa ngazi, alimpiga na futi yake ya mbao mpaka ikavunjika. Koko akamwachia, akaendelea na safari yake kama aliyesahau alichokuja kufanya. Kabla ya adhuhuri vijana wa stesheni walikuwa wameshamuua. Walisema alikuwa anauma hata matairi. Walisema ana kichaa.

Apollinarie aliosha vidonda viwili vidogo kwa sabuni, akafunga, akakaa kimya. Alijua alipaswa kufanya nini. Mbwa asiyechanjwa akiumwa na mwenye kichaa, anauawa, hakuna mjadala. Na kwanza wangeuliza kwa nini hakuchanjwa, na nani alisema yuko Kigoma. Maofisini, karatasi, mhuri. Aliwaza kopo lake ndani ya sanduku. Watu waliozaliwa na uraia hawawezi kuielewa hofu hiyo. Mtu aliyepewa karatasi anaamini daima kwamba anaweza kuombwa airudishe.

Akachukua chaki ya fundi na kuanza kupiga mistari chini ya meza, mstari mmoja kila siku. Kila asubuhi alimwekea Mtazoea maji na kumtazama kama anakunywa. Utotoni Katumba alimwona mtu wa kambini, Dieudonne, aliyeumwa na mbwa akapuuza. Baada ya miezi walimletea kikombe cha maji, naye akapiga ukelele na kujitupa ukutani, mwanaume mzima, akilikimbia fundo moja la maji. Siku ya tatu walimzika. Apollinarie alikuwa na miaka minane, na tangu siku hiyo hofu haikumtoka mwilini.

Mistari ikafika ishirini. Thelathini. Arobaini. Mtazoea alikula, alikunywa, alifuata pedali juu na chini. Apollinarie alifuta chaki kwa kitambaa kibichi, akapumua, akanunua maandazi akagawa baraza zima. "Kuna nini leo, fundi?" "Hakuna kitu. Nimefurahi tu." Wenyewe wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini nani humkumbuka mhenga akiwa na andazi mkononi?

Siku ya nne baada ya maandazi, Sabrina alitoka shule. Baba yake alikuwa ndani na wateja, mama yake, Zaitun, alikuwa nyuma anapika. Apollinarie alikuwa ameinama anatunga uzi. Mtoto akachuchumaa, akaingiza mkono kwenye kikapu, kama alivyokuwa akifanya siku zote kwa siri bila ya fundi kujua.

"Ai!"

Apollinarie akainua kichwa. Kidole cha shahada cha Sabrina kilikuwa na tone moja la damu, dogo, la kuchomwa na sindano. Kijino kama punje ya mchele kingeacha alama gani? Mtazoea alikuwa amerudi kwenye pembe ya kikapu, anatazama ukuta. Hajawahi kumuuma mtu.

"Mana yanje," alisema Apollinarie kwa Kirundi cha mama yake. Mungu wangu. Alimvuta mtoto mpaka kwenye ndoo, akakiosha kidole kwa sabuni, akamimina maji, akaosha, akamimina.

"Bibi Fundi, usimwambie baba," Sabrina alinong'ona huku machozi yakimlenga. "Alinikataza. Atanipiga."

Na Apollinarie, Mungu amsamehe, alisema, "Haya. Nenda ndani." Alisema haya, kwa sababu neno hilo lilimfaa na yeye.

Alishona mpaka jioni, kola akaishona upande usio wake. Alijiambia mbwa alishtuka tu. Alijiambia arobaini zilishapita. Usiku ule alilala, kama ule ni usingizi.

Kulipopambazuka, Mtazoea alikuwa chini ya kitanda. Alimwita, hakuja. Alipotoka alitembea mshazari, taya limelegea, mate yanadondoka. Akabweka, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa nzito, imepasuka. Kisha akaukamata mguu wa kitanda, mguu wa chuma, akauma, akauma, mpaka damu ikatoka kwenye fizi, na yale macho makubwa hayakumjua mtu. Apollinarie alimfunikia beseni la kufulia, akaweka tofali juu. Akaketi sakafuni. Chini ya beseni kucha zilikwaruza saruji.

Aliogopa kila kitu kwa wakati mmoja. Athuman atamfukuza barazani, na baraza ndiyo chakula chake. Watamshitaki, watauliza karatasi. Watamuua Mtazoea mbele yake. Ukweli ni kwamba alifikiria pia kunyamaza. Mbwa atakufa mwenyewe, atamzika uani, na kidole kile nani alikiona? Lakini kila alipofika hapo, alikiona kikombe cha maji, na aliyekuwa anakikimbia hakuwa Dieudonne. Alikuwa na sare ya shule. Apollinarie akanyanyuka, akafunga mlango, akaenda anakimbia, khanga inaburuta kwenye tope.

Athuman alikuwa anafungua duka, Zaitun anafagia, Sabrina ana begi mgongoni.

"Baba Sabrina, mpelekeni mtoto hospitali sasa hivi. Mbwa wangu ana kichaa, na jana alimuuma."

Fagio la Zaitun lilianguka. Athuman aligeuka polepole. "Sabrina. Mbwa amekuuma?"

Mtoto alimtazama baba yake, akautazama mkono wa baba yake. "Hapana. Sijamgusa. Wallahi sijamgusa!"

Zaitun alimrukia, akamgeuza mikono, viganja, shingo, miguu. Hakuona kitu. Kilikuwa kidonda cha sindano na kilikuwa kimeshaziba. "Hana kitu," alisema Zaitun, na pumzi zikamrudi. "Alhamdulillah, hana kitu. Mama Fabrice, umetushtua bure! Labda umeota."

"Mtoto wangu hasemi uongo," alisema Athuman. "Mbwa wako muite afisa mifugo amwangalie. Sabrina, shule."

Hebu ona shetani alivyo! Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yake. Ameshasema, hawakumwamini, basi. Hakuna ambaye angemlaumu, hata yeye mwenyewe pengine asingejilaumu sana. Sabrina alishaanza kushuka ngazi za baraza, begi linarukaruka. Apollinarie alitamani kukubali.

Akampita mbio, akapiga magoti kwenye tope mbele ya mtoto, akamzuia njia.

"Ni mimi niliyekupa umshike," alisema kwa sauti, watu wote wasikie. "Baba yako alikukataza, mimi nikakupa. Mkono wako niliuingiza mimi kwenye kikapu. Kosa ni langu. Wewe huna kosa, mjukuu wangu. Waonyeshe tu kidole."

Severini alisimama na debe la mchele mikononi. Athuman alimtazama fundi wake wa miaka tisa kwa jicho ambalo hajawahi kumtazama nalo. Kisha Sabrina alinyoosha kidole cha shahada.

Bajaji iliwapeleka wote wanne hospitali. Muuguzi alisikiliza, akauliza maswali yake, akaosha kile kidole upya kwa sabuni na maji mengi, mpaka Zaitun akashindwa kuvumilia, akatoka. Halafu akaleta dawa. Sabrina akaitazama sindano.

"Yangu ndogo, si ndiyo? Mimi ni mdogo."

"Hii chanjo haiangalii ukubwa," alisema muuguzi. "Hata baba yako angechomwa hiyohiyo." Akamgeukia Apollinarie. "Na wewe mama, hayo matundu ya sindano vidoleni, huyo mbwa alikuwa anakulamba? Basi kaa hapa, unafuata."

Apollinarie alikaa. Alitazama bomba la mtoto, akatazama lake. Sawasawa. Hapo ndipo alipoelewa kwamba yule kijana wa uwanja wa shule hakuwa mjinga, mjinga alikuwa mwenye futi. Alilia mbele za watu, kwa sauti, kamasi zinamtoka, na hakuna aliyemnyamazisha.

"Baba," Sabrina alisema, "si Bibi Fundi aliyenipa. Nilimchukua mwenyewe."

"Najua," alisema Athuman. "Mtu anayeogopa ngazi hampi mtoto mbwa." Hakumtazama Apollinarie.

Makarius alikwenda kwenye chumba cha Apollinarie akiwa na glavu nene. Alimwomba fundi abaki nje, akabaki. Ilichukua dakika chache, kwa kilo moja na nusu. Walichukua kichwa cha Mtazoea kwa ajili ya kipimo, na kilichobaki walikifukia ndani sana na chokaa, na kile kikapu kikachomwa moto na kila kitambaa kilichokuwamo. Makarius aliandika kwenye karatasi yake, akauliza mbwa alichanjwa lini. "Nilimficha," alisema Apollinarie. Kijana aliandika hivyo, akapiga mhuri, akaenda. Hakuna aliyeulizia cheti. Chumba kilibaki kimya, na jioni alipofungua mlango aliingia haraka asisikilize.

Cherehani haikutolewa barazani. Athuman aliendelea kuuza vitambaa na kumwonyesha mteja fundi kwa kidole, bila neno. Zaitun alisalimia kwa sababu salamu ni faradhi. Lakini tarehe za sindano zilikuwa zilezile, za mtoto na za fundi. Siku ya tatu walipanda bajaji moja, Sabrina katikati. Siku ya saba vilevile. Wanawake wawili hawakuzungumza, kila mmoja anamchungulia mtoto usoni, macho yake, koo lake, anavyomeza.

Siku ya mwisho jua lilikuwa kali. Walikaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Zaitun alitoa chupa ya maji, akaifungua, akamsogezea mtoto mdomoni.

Sabrina aliisukuma kwa mkono. "Sitaki!"

Zaitun akaganda. Chupa ilianza kumwagika kwenye gauni lake na hakuiona. Apollinarie alisikia damu yake ikisimama mwilini, kweli ilisimama, na vidole vyake vikaushika mkono wa Zaitun bila kumwomba ruhusa, na mkono wa Zaitun ukavishika.

"Kunywa kidogo tu, mama," Zaitun alisema. "Tone moja."

"Sitaki maji," alisema Sabrina. Akanyoosha kidole kuelekea kibanda cha nje ya geti. "Nataka soda. Ya orenji."

Zaitun alicheka, kicheko kilichogeuka kilio kabla hakijaisha, na kichwa chake kikaangukia bega la fundi. Apollinarie alijinasua, maana walikuwa bado wameshikana mikono, akaenda mbio mpaka kibandani, akarudi na soda tatu. Wakasimama wote wawili juu ya mtoto, wameinama, wanaliangalia koo lake, mpaka alipomeza lile fundo la kwanza.